Jahazi linaungua: shajara ya mradi wetu, Bagamoyo, Juni hadi Oktoba 2025

Tuko wanne, wote wakazi wa Bagamoyo, na tunatengeneza filamu fupi ya dakika 12. Katikati yake kuna sini moja: jahazi lililobeba nazi linashika moto usiku, na dada wa nahodha analitazama akiwa mchangani, hana la kufanya. Sini yenyewe ni sekunde 52, shoti 9, yaani vipande 9 vya picha. Shajara hii inahusu sini hiyo tu. Naiandika kwa ajili ya wenzetu wanaotaka kuonyesha moto, maji au chombo kwa pesa za kuchangishana, kwa hiyo bei zimo na makosa yamo.

Nikisema efekti za mkono, nakusudia kitu halisi kilichowekwa mbele ya kamera: mfano, moshi, mwali. Efekti za kompyuta ni zile zinazozaliwa ndani ya programu.

Jumamosi, 14 Juni: mabishano ya barazani

Mwenzetu anayeshika kompyuta alitaka kila kitu kifanywe kwenye Blender, programu ya kuunda picha na uhuishaji. Hoja yake haikuwa nyepesi. Programu ni ya bure, na Machi mwaka huu filamu ya uhuishaji kutoka Latvia, Flow, iliyotengenezwa kwa Blender hiyohiyo, ilichukua Oscar. Maji yamejaa filamu nzima, na chombo cha tanga kimo. Mimi nilitaka mfano wa mbao, kwa sababu nimekulia ufukweni hapa na sikuamini kuwa kompyuta yetu ingeweza kuunda mbao iliyozeeka kwa chumvi. Tulibishana hadi adhana ya isha.

Kuchoma jahazi la kweli hakuna aliyelitaja. Ukikaa karibu na mafundi wetu ukaona siku ngapi zinaingia kwenye mbao moja ya ubavu, huwezi kulitamka.

Tulichokubaliana: kila shoti ijaribiwe kwa njia zote mbili kadiri inavyowezekana, kisha tuangalie kwenye skrini kubwa, si kwenye simu. Bajeti ni TSh 900,000. Kibali cha Bodi ya Filamu tunacho tayari, barua ya serikali ya mtaa imepelekwa, na tumezungumza na wavuvi kuhusu usiku tutakaowasha moto.

Jumamosi, 28 Juni: mfano umekamilika, tanga ndilo lililotutesa

Mizani ni 1 kwa 8. Jahazi tunalolifuata lina urefu wa mita 12, kwa hiyo mfano ni mita moja na nusu. Tulimwendea mzee mmoja aliyeunda vyombo maisha yake yote, ambaye sote tunamwita Babu. Alisikiliza, akauliza jahazi ni la wapi na limebeba nini, kisha akachukua kipande cha mkaa akatuchorea omo (mbele ya chombo) na shetri (nyuma yake) juu ya plaiwudi bila rula. Mkuku (uti wa chini) na mataruma (mbavu za ndani) ni mbao za mwembe, ubavu ni plaiwudi ya milimita 4 iliyokatwa vipande vyembamba. Plaiwudi TSh 48,000. Mbao, misumari na gundi TSh 37,000. Rangi na vanishi TSh 29,000. Babu alipokea TSh 120,000, na najua amepunguza.

Hayo yalichukua siku kumi bila tatizo. Tatizo likawa tanga. Nilinunua nguo ya marekani kwa TSh 14,000 kwa kufikiri kuwa kitambaa cha tanga ni kitambaa cha tanga. Kwenye mfano marekani ilisimama kama kadibodi. Tanga la kweli lina uzito unaolivuta chini, hupata matumbo, na mikunjo yake ni mingi na midogo. Kitambaa kikiwa kinene kwa mfano mdogo kinakunjika mara moja au mbili tu, na jicho linajua papo hapo kuwa linatazama kitu cha kuchezea.

Dawa ilikuwa bafta, mita 4 kwa TSh 16,000. Ni nyepesi mno, ukiipuliza inajaa. Lakini ilikuwa nyeupe pe, na kwenye kamera ingewaka kama taa. Tuliichemsha kwenye chai ya rangi iliyokolea, tukaianika, tukaichemsha tena, kisha tukaipaka tope la chokaa kwa vidole penye mishono. Mishono tuliichora kwa penseli maana mshono wa kweli ungekuwa mnene kupita kiasi. Tulitengeneza matanga mawili, na lile la pili ndilo lililotuokoa baadaye. Ukiunda kitu cha kuchoma, unda viwili.

Jumamosi, 12 Julai: maji

Bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana. Saa tano asubuhi maji yamepwa hadi mbali, mchangani yamebaki madimbwi ya kina cha magoti. Tulichagua moja lenye urefu wa mita kama 15, tukaweka mfano ndani.

Hapa nieleze hesabu, kwa sababu ndiyo iliyotusaidia kuliko chochote. Mfano wa 1 kwa 8 unapoyumba, unayumba haraka kuliko chombo kikubwa. Haraka hiyo si mara 8. Ni kipeuo cha pili cha 8, yaani karibu 2.83. Filamu inaonyeshwa kwa fremu (picha mojamoja) 24 kwa sekunde, kwa hiyo ukitaka mfano uonekane mzito inabidi ushuti fremu 24 mara 2.83, karibu 68 kwa sekunde. Kamera tuliyokodi (TSh 60,000 kwa siku) ina 60 na 120. Tulishuti 120 tukaichezesha kwa 24, na jahazi likaelea kama limo ndani ya uji, zito kuliko meli. Tukarudi nyuma: fremu 120 zichezeshwe kwa 42 kwa sekunde, ndipo mwendo ukakaa sawa. Babu alipoiona alisema, "Sasa lina mzigo."

Mwendo ulirekebishika, lakini tone la maji halikukubali. Tone halina mizani. Ngozi ya maji inalishika kwa ukubwa uleule hata ukipunguza dunia yote inayolizunguka. Tone la milimita 5 kando ya mfano wetu ni sawa na tone la sentimita 4 kando ya jahazi la kweli. Bahari inayorusha matone makubwa kama ndimu! Mwenzetu alikuwa amesoma kuwa sabuni inalegeza ngozi hiyo, akaja na kipande cha sabuni ya kufulia. Tulijaribu ndani ya beseni la maji ya bahari kwanza, na namshukuru Mungu tulianza na beseni: maji ya chumvi hayakutoa hata povu, sabuni iliganda ikawa utando mweupe kama maziwa yaliyokatika. Hatukuipeleka dimbwini.

Ndipo nilipoelewa kwa nini watu wenye pesa huunda mifano mikubwa kiasi kile. Titanic ya mwaka 1997 ilikuwa na mfano wa 1 kwa 20, na huo "mfano" ulikuwa na urefu wa karibu mita 13. Mfano wao ulilizidi jahazi letu halisi. Na bado sehemu kubwa ya maji yanayouzunguka yalitoka kwenye kompyuta, na hata baadhi ya watu wanaoonekana juu ya sitaha.

Hatuna mita 13. Tulichofanya ni kuacha kurusha maji kabisa. Kamera iko sentimita 20 juu ya dimbwi, ambazo kwa mizani yetu ni mita 1.6, macho ya mtu aliyesimama. Mawimbi madogo tunayaleta kwa ungo: mtu amesimama nje ya fremu anapepea juu ya maji, polepole, bila kuyagusa. Ungo unaleta mkunjo mwembamba sana wa maji, na kwenye skrini unageuka kuwa bahari iliyotulia yenye umande wa usiku. Feni tulijaribu pia. Inaleta mistari inayofanana, ungo hauna mistari.

Jumamosi, 26 Julai: moto wa kwanza, na kosa ambalo msilirudie

Tulitia mafuta ya taa kwenye kopo la maziwa, kopo ndani ya ngama (tumbo la chini) ya mfano, tukawasha. Gharama TSh 6,000.

Kwanza, mwali ulikuwa mbaya. Ulisimama ndimi mbili nene, laini, na jahazi zima likaonekana kama kibatari. Pili, kusi ilivuma, mfano ukalala ubavu, kopo likapinduka. Mafuta ya taa yanaelea. Moto ulitembea juu ya maji hadi karibu na miguu ya mwenzetu aliyeshika ungo. Tulikuwa na ndoo nne za mchanga na blanketi lililolowa, tukauzima kwa hesabu ya sekunde, hakuna aliyeumia. Lakini mikono yangu ilitetemeka hadi tunafika nyumbani. Ubavu mmoja wa mfano uliungua, na dimbwi likabaki na utando wa mafuta ambao tulikaa saa nzima tukiukomba kwa magunia, maana saa chache baadaye bahari ingerudi kuuchukua.

Mafuta ya kumiminika hatutumii tena. Tumenunua vizima moto viwili, TSh 90,000, pesa ambazo zilipaswa kuwa za kwanza kutoka.

Jumamosi, 9 Agosti: gesi, na taa zinazopepesa

Bomba la shaba la milimita 10 limelazwa ndani ya mfano kutoka omo hadi shetri, limetobolewa matundu. Mpira wa mita 8 unaenda hadi kwenye mtungi wa kilo 6 uliokaa mchangani, na mtu mmoja hana kazi nyingine usiku kucha ila kushika valvu. Bomba, mpira na valvu TSh 62,000. Gesi mara mbili TSh 50,000.

Matundu ya kwanza yalikuwa ya milimita 2. Mwali ukatoka sawasawa kama jiko la mgahawa, kila ulimi sawa na mwenzake. Tulitoboa bomba jipya kwa matundu ya milimita 1, tukalifukia chini ya mchanga ndani ya karai jembamba la bati. Gesi inapopenya mchanga inapotea njia, inatokea popote, na ndimi zinakuwa nyingi, ndogo, zisizolingana. Rangi ilikuja yenyewe kuwa ya njano kwa kuwa gesi haikuchanganyika na hewa kabla ya kutoka. Jiko linatoa mwali wa buluu kwa sababu lina tundu la hewa chini. Angalizo: mchanga uwe mkavu kabisa. Wetu ulikuwa na unyevu, ukawa unaruka chembe za moto. Tuliukaanga kwenye sufuria nusu saa, ukatulia.

Halafu usiku ule ukaharibikia mahali ambapo hatukupatazama. Tulikodi jenereta (TSh 35,000) na taa mbili kubwa za LED kuigiza mbalamwezi. Machoni zilikuwa nzuri. Kwenye fremu 120 picha nzima ilikuwa inapepesa, kila shoti, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na kamera inayochukua 120 inaukamata kila mfifio. Kwa fremu 24 au 25 tusingeona kitu. Usiku mzima umekwenda.

Suluhisho lilipatikana kijiweni kwa bodaboda: taa za LED za pikipiki za volti 12, sita kwa TSh 48,000, zimeungwa kwenye betri ya gari ya kuazima. Umeme wa betri haupandi wala haushuki. Tumezipima kwa fremu 120, zimetulia. Kwa mtu yeyote anayeshuti mwendo wa pole usiku bila taa za gharama, hili peke yake linatosha kumfanya asome shajara hii.

Jumamosi, 23 Agosti: wiki mbili za kompyuta

Zamu ya mwenzetu. Jahazi la kompyuta alilijenga kwa siku tano kwa kufuata picha za mfano. Moto na moshi unatoka kwenye Mantaflow, injini ya simulesheni (kuiga moto na moshi kwa hesabu) iliyomo ndani ya Blender. Unaweka boksi, ndani yake kompyuta inagawa hewa kuwa vijumba, inahesabu joto na moshi katika kila kijumba. Kuhesabu huko tunakuita kupika.

Ukiongeza ubora mara mbili, vijumba vinaongezeka mara 8, si mara 2, kwa kuwa boksi lina urefu, upana na kimo. Ubora wa 128 (vijumba 128 kwenye upande mrefu wa boksi) ulipikika lakini moshi ulikuwa kama pamba. Ubora wa 256 uliiangusha kompyuta yetu yenye memori ya GB 8 mara tatu. Tuliazima nyingine yenye GB 32. Hiyo ikaanza kupika vizuri, na saa ya 14 umeme ukakatika. Kuna kisanduku kinachoruhusu mpishi aendelee pale alipoishia, na hatukukiweka alama. Tulianza upya kutoka fremu ya kwanza. Kiwekeni alama kabla ya chochote kingine. Diski ya nje ya kuhifadhia faili TSh 150,000, umeme TSh 40,000.

Kurenda, yaani kompyuta kuchora kila fremu ya mwisho, ni hesabu nyingine: dakika 11 kwa fremu, shoti ya sekunde 4 ni fremu 96, jumla saa 17 na dakika 36. Kwa shoti moja.

Tulimpelekea Babu. Aliangalia mara mbili bila kusema, akaomba irudiwe, kisha akasema:

"Wanangu, hii mmechoma nyumba. Chombo hakiungui hivi."

Kwenye simulesheni moto ulianzia chini ukapanda, tanga likaungua mwisho, kisha jahazi likazama kwa omo, wima. Babu alitusahihisha kwa kidole juu ya skrini. Tanga linakwenda mwanzo, mara moja, ni nguo. Kamba zinafuata. Kamba ikikatika foromali, mti unaoshika tanga, inaanguka, na ikianguka ndiyo inayopeleka moto kwenye makuti na mzigo. Chombo cha mbao kilichobeba nazi hakizami kama sufuria. Kinajaa, kinalala ubavu, kinaungua hadi usawa wa maji, na nazi zinatawanyika zikielea. Aliwahi kuona. Hakutuambia ni lini, na hatukumuuliza.

Hakuna programu ambayo ingetupa mpangilio huo. Tumeandika upya shoti zote 9 kwa kumfuata.

Jumapili, 7 Septemba: mwezi

Mpango ulikuwa kushuti mandhari yenye mbalamwezi juu ya bahari. Ufuko wetu unatazama mashariki, mwezi mpevu unachomoza palepale tunapouhitaji. Kalenda ya ukutani ilisema tarehe 7. Hatukuangalia kingine.

Saa moja na nusu usiku kivuli kilianza kuula mwezi. Saa mbili na nusu ulikuwa umefunikwa wote, mwekundu kama shaba ya zamani, na ungebaki hivyo hadi karibu saa nne. Kamera imekodiwa, mashua ya kukodi pamoja na nahodha wake (TSh 50,000 kwa usiku) iko nangani na karai la moto juu yake, na mbalamwezi hakuna. Wawili wetu walikwenda msikitini kwenye sala ya kupatwa kwa mwezi. Niliobaki nao tulikaa mchangani kimya, na giza lilikuwa giza ambalo sijawahi kuliona usiku wa mwezi mpevu.

Waliporudi ilikuwa saa tatu na robo. Dada anayeigiza alikuwa ameshavaa, kanga mbili, kichwani na kiunoni. Tukasema: tushuti uso wake. Shoti ya 7, ambayo tulipanga kuifanya nyumbani kwa taa na kitambaa cha kijani, mandhari yawekwe baadaye kwa kompyuta.

Babu ndiye aliyeuandaa moto. Karai la pili, mchangani, mita tatu mbele ya dada, nje ya fremu. "Vifuu vinatoa mwali, makumbi yanatoa moshi," alisema, akaweka vifuu vitupu. Mwali wa vifuu vya nazi una mafuta ndani yake, unaruka, unakaa, unaruka tena. Hatukuwasha taa hata moja.

Mwanga ulimpanda dada kutoka kidevuni. Ulipoinuka uliingia chini ya nyusi na macho yakaonekana yote. Uliposhuka yalibaki matone mawili ya nuru. Nyuma yake kivuli chake kilirefuka juu ya mchanga uliolowa kikarudi. Kifuu kimoja kilipasuka, akashtuka, hakuigiza. Hakusema neno katika sekunde 48 zote tulizorekodi, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema kata.

Mashua nayo haikupotea. Karai lake lilitupa njia ya mwanga juu ya maji kutoka mbali hadi kwenye mchanga, na hiyo tumeishuti kwa stendi iliyosimama. Kosa: miguu ya stendi ilizama polepole mchangani, na katika dakika mbili upeo wa bahari umeshuka ndani ya fremu. Huwezi kuona unaposhuti. Tulirudia tukiwa tumeweka vipande vya plaiwudi chini ya kila mguu.

Jumapili, 21 Septemba: tumelichoma

Mwezi mwandamo, bamvua, maji yamepwa saa nne usiku. Dimbwi lilelile. Usiku wa pili wa mashua, TSh 50,000, ikikaa karibu kwa usalama na kurudia njia ya mwanga.

Jaribio la kwanza lilikufa kwa umande. Mfano ulikaa nje tangu magharibi, bafta ikanyonya unyevu, ikawa nzito, na moto ulipofika ulifuka moshi tu. Wakati huohuo uzi wa mshipi tulioufunga kuigiza kamba uliyeyuka mapema, foromali ikaanguka na tanga zima, bila kuungua. Nilikaa chini. Nikakumbuka kuwa Jurassic Park, filamu ambayo kila mtu anaitaja kwa ajili ya kompyuta zake, ilikuwa na dubwana kubwa la mashine lenye ngozi ya mpira laini, na mvua ya kutengeneza ya sini ile ya usiku ililowesha ngozi hiyo hadi mashine ikaanza kutetemeka kwa uzito, ikawa lazima ikaushwe kila mara kabla ya kushuti tena. Filamu ilitoka 1993, kwa mabilioni ya wenye mabilioni. Maji hayaheshimu bajeti.

Tanga la pili tulikuwa nalo. Tulilikausha juu ya jiko la mkaa, tukalifunga dakika tano tu kabla ya kuwasha, na foromali tukaishika kwa waya mwembamba unaovutwa kwa mkono badala ya uzi. Mbali na fremu: wawili kwenye vizima moto, mmoja valvu, mmoja ungo, nahodha na ndoo.

Tanga liliungua kwa sekunde 9. Moto ulianzia chini karibu na demani (kamba ya pembe ya chini ya tanga), ukatafuna ukingo, kisha katikati pakatoboka tundu jekundu likapanuka hadi nguo ikawa utepe unaoning'inia. Nikatoa ishara, waya ukavutwa, foromali ikaanguka juu ya makuti. Gesi ikapandishwa. Kamera mbili, moja ya kukodi na simu yangu. Tuliacha mfano uungue hadi usawa wa maji, kama Babu alivyosema, na nazi zetu, mbegu za mwarobaini mia mbili zilizokaushwa na kupakwa rangi, zikaelea.

Jumamosi, 4 Oktoba: kuunganisha

Shoti 4 ni za mfano, 2 ni za kompyuta tupu, 3 mchanganyiko. Kwenye zile za mfano kazi ya kompyuta ni kufuta: mpira wa gesi, waya, ukingo wa ungo ulioingia fremu mara mbili.

Kizungumkuti kilikuwa shoti ya 8, ambapo tunamwona dada kwa nyuma ubavuni na jahazi la kompyuta mbele yake. Kila kipande kilikuwa kizuri peke yake, vikiwekwa pamoja vinakataana. Tulibadilisha rangi, tukaongeza chenga za picha zilingane, tukapunguza weusi. Bado. Siku ya tatu mwenzetu alizima sauti, akasogeza kiti, akasema, "Moto wake na moto wangu havipumui pamoja." Shavu lilikuwa linang'aa wakati jahazi limefifia.

Basi tukageuza kazi. Alipima mwangaza wa shavu la dada fremu kwa fremu, akazichukua namba hizo zikaendesha nguvu ya moto kwenye Blender. Kifuu kilipopasuka mchangani tarehe 7 Septemba, jahazi la kompyuta nalo linaruka cheche kwenye fremu ileile. Tulifanya vivyo hivyo kwa shoti za mfano, kwa kupandisha na kushusha mwanga kidogo. Nikirudia kazi hii nitaanza na uso, nishuti mwanga wa kweli kwanza kabla ya mfano na kabla ya kufungua programu, kisha kila moto mwingine umfuate yeye.

Jumapili, 12 Oktoba: hesabu, na upepo

Jumla TSh 1,270,000. Tumeshaorodhesha nyingi, zilizobaki ni kamera siku 4 TSh 240,000, mashua usiku 2 TSh 100,000, chakula na usafiri TSh 185,000. Tumezidisha bajeti kwa TSh 370,000, tumechanga. Zilizopotea bure kabisa ni TSh 55,000: marekani, jenereta na mafuta ya taa. Wiki za mwenzetu kwenye kompyuta hazina bei humo, na si haki kuzihesabu sifuri: ni usiku 31.

Jana tulionyesha sini nzima ukutani kwa Babu, dada na wavuvi sita. Shoti ya 9, jahazi dogo mbali kwenye upeo, ambayo ni kompyuta tupu, kila mmoja aliidhania ya kweli. Shoti ya 2, ya mfano, mvuvi mmoja aliijua mara moja kwa ajili ya tone moja la maji lililoruka upande wa kulia, ambalo mimi sikuwahi kuliona.

Kisha Babu akauliza upepo unatoka wapi. Hatukumwelewa. Akaomba turudishe. Kwenye shoti ya 4 moshi wa mfano unaelekea baharini. Kwenye shoti ya 5 moshi wa kompyuta unaelekea nchi kavu. Hakuna chombo kinachopata pepo mbili ndani ya sekunde moja, akasema, na baharia yeyote ataona hilo kabla hajauona moto.

Shoti ya 5 inapikwa upya tangu jana usiku, upepo umegeuzwa, kisanduku kimewekewa alama. Iko fremu ya 61 kati ya 96.